Tulivyouzika Udongo wa Mama

Nina mjukuu mfinyanzi, jina lake Zuwena. Amekodi gereji nyuma ya nyumba moja kubwa kule Moseley, ameweka humo gurudumu lake, tanuri la umeme na rafu mpaka darini, na kila majira ya baridi yakikaribia huniita nikamsaidie. Mimi sibebi tena vitu vizito, lakini naweza kushika mlango na kutoa maoni. Ndoo za ile rangi inayogeuka kioo motoni tunaziondoa ukutani, maana zikiganda, unga hujitenga na maji na kazi yote huharibika. Mabomba tunayavika sponji. Kalibu za plasta, ambazo hunywa maji kama mchanga, tunaziingiza katika nyumba ya mwenye gereji na kuzipanga ngazini. Vyombo vibichi tunavifunika mablanketi makuukuu, kimoja kimoja, kama watoto wa bweni.

Safari hii tulisahau mfuko mmoja wa udongo nje, nyuma ya mapipa ya taka. Asubuhi ya jalidi ya kwanza, ile baridi inayogandisha maji, Zuwena aliufungua, akaubonyeza kwa kidole, kidole kikagoma kuingia. Akanitazama.

"Umekufa, Babu," alisema, kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa sababu mama yake nilimlea kwa Kiingereza nikidhani namfungulia njia. Kosa hilo ni langu na ninalibeba. Lakini asubuhi ile sikuwaza makosa. Nilipata harufu ya udongo uliolowa na kupoa, harufu kama ya mdomo wa kisima, nikacheka mpaka ikabidi niketi juu ya ndoo.

"Unacheka nini?"

"Usiutupe," nikamwambia. "Mimi nimewahi kuhudhuria maziko ya udongo."

Nilikuwa mtoto mdogo. Tulikuwa tukikaa Winson Green, mtaa mwingine wa mji huu huu wa Kiingereza, katika safu ya nyumba zilizoshikana mabega, ukuta wa jela upande huu na mfereji wa mashua upande ule. Baba alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha kuyeyusha chuma, kwa hiyo mchana nyumba yetu yote ilinong'ona. Mama alitoka Pemba, katika ukoo wa wanawake wafinyanzi. Alipopanda ndege kumfuata baba, mimi mgongoni na dada yangu Mwanaisha mkononi, alidhani kazi ile ameiacha huko huko pamoja na jua.

Waswahili tulikuwa wachache mjini siku hizo, na harusi ikitokea kila mtu alialikwa, hata maadui. Katika harusi moja mama ndiye aliyepewa kazi ya kumfukiza bibi harusi udi. Chetezo cha udongo hakikuwepo. Makaa na udi vikatiwa ndani ya kopo la nyanya lililotobolewa kwa msumari. Alikuwepo Bi Time, mwanamke mrefu aliyejua bei ya kila kitu na aibu ya kila mtu. Aliuvuta moshi puani, akafumba macho kama anayeonja.

"Leo tunafukizwa supu," alisema.

Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka, kwa mdomo tu. Tulipokuwa tunarudi alimshika mkono Khalati Rukia, mdogo wake, aliyekuwa akisomea uuguzi na ameshaposwa.

"Wewe hufukizwi kopo. Wallahi."

"Dada, udi ni ule ule."

"Kwa pua yako wewe."

Kiapo kikakaa hivyo, hakina udongo wala tanuri, mpaka majani yalipoanza kupukutika na watu wa mabomba wakaja kuchimba mtaa wetu. Mama alikuwa anatupeleka chuoni kusoma Kurani. Alisimama ghafla ukingoni mwa shimo, akainama na buibui lake, akachukua donge la udongo mwekundu kama ini. Akalifikicha. Akalinusa. Kisha akaligusa kwa ncha ya ulimi. Wachimbaji wakaacha kazi kumtazama.

"Mama anakula barabara," nilimwambia Mwanaisha.

Mwanaisha alikuwa mkubwa kwangu na ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba nzima. Aliwauliza wale watu kama tunaweza kuchukua udongo kidogo, na mmoja akamjibu tuchukue mtaa wote, mradi tuwaachie shimo. Tukaubeba kwa kigari cha mtoto ambacho mtu alikitupa karibu na mfereji. Mama alikisukuma polepole, udongo umefunikwa kwa mtandio, na bibi mmoja wa Kiingereza akainama kumchungulia mtoto. Alichokiona hakutuambia, lakini alisema ni mzuri.

Uani palikuwa na kibanda cha matofali kilichojengwa zamani kwa ajili ya makaa ya mawe. Humo ndimo mama alimofanya kiwanda chake. Hakuwa na gurudumu. Aliyezunguka ni yeye. Alifinyanga amesimama, miguu imenyooka na mgongo umeinama, akikizunguka chombo kinyumenyume kama anayecheza ngoma na mtu mfupi sana. Aliparaza kwa kipande cha kibuyu na kulainisha kwa kijiwe alichokiokota njiani. Na aliimba. Nilikuwa sijui kwamba mama anaimba. Nilikaa mlangoni nikiwa nimevaa koti na kofia, pua inanichuruzika, nikadhani sauti ile inatoka ndani ya udongo, na mama anaitoa kwa kuukamua.

Vikaanza kuonekana vyetezo: vidogo vya mikononi na kimoja kikubwa chenye shingo, matundu ya kupitishia moshi na ukingo uliosukwa kama ukili. Hicho kilikuwa cha Khalati Rukia.

Sasa, huko kwao adui wa chombo kibichi ni jua na upepo. Kikikauka upesi hupasuka, kwa hiyo wafinyanzi hukifunika magunia yaliyoroweshwa maji, na jioni huyanyunyizia tena. Hivyo ndivyo mama alivyofundishwa na mama yake, naye na mama yake. Akavifunika vyetezo vyake magunia ya mchele yaliyolowa chapachapa, jioni akayanyunyizia tena, akafunga mlango kwa bismillahi. Usiku ule jalidi ikashuka.

Asubuhi gunia lilisimama lenyewe. Tuliligonga, likalia kama mlango. Mimi na Mwanaisha hatukuwa tumewahi kuona jambo la furaha kama lile. Tulilitoa nje, tukalilaza, tukalikalia, tukateleza nalo toka kibandani mpaka chooni, na tulikuwa bado tunapiga kelele wakati mama alipoinua gunia la pili.

Vyetezo vilikuwa vimechorwa. Ubavuni, kila mahali, palikuwa na michirizi kama manyoya ya kuku, mizuri mno, hata nikafikiri mama ameitia yeye usiku tukiwa tumelala. Aligusa ukingo wa kile kikubwa, ukamegeka kama kashata. Kufika mchana, jua lilipogusa mlango, vyote vilikuwa vimeketi chini na kuwa uji wenye magamba.

"Udongo umekufa," mama alisema.

Baba aliamka, akaja na shuka begani. "Tutanunua mwingine."

"Wapi?"

Baba alilivuta shuka lake. "Kweli," alisema. "Nani anauza udongo?"

Shimo la mabomba lilikuwa limeshafukiwa na kutiwa lami. Mama aliingia ndani, na maneno yake ya mwisho kuhusu jambo lile yalikuwa kwamba uchafu ule utolewe, na asiulizwe tena habari za vyetezo. Baba akauzoa wote, akautia katika pipa la taka.

Lazima niseme kitu hapa, kwa sababu bila ya hicho tutaonekana watoto watundu tu. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa ametufundisha siku zile zile kwamba Nabii Adam aliumbwa kwa udongo. Habari ile niliipokea kwa uzito mkubwa. Nilikuwa nikioga najikagua kama navujisha rangi. Kwa hiyo mama aliposema udongo umekufa, sikusikia fundi anayelia na kazi yake. Nilisikia habari ya msiba katika ukoo. Na maiti yenyewe imetupwa katika pipa, juu ya maganda ya viazi.

"Hatumwachi humo," nilimwambia Mwanaisha.

"Hatumwachi," alisema. Yeye alikuwa amewahi kuona maziko, Pemba, kwa mbali. Akawa shehe, na mimi nikawa waombolezaji wote. Kuosha kulitushinda, maana kila tukimwagia maji marehemu alizidi kupungua. Tukaacha. Sanda tuliitafuta nyumba nzima, na kitu cheupe kuliko vyote tulikikuta katika sanduku la mama: foronya mbili zilizotariziwa maua pembeni, alizomwekea Khalati Rukia kwa harusi yake. Tukachukua moja. Mwanaisha alisema foronya mbili ni israfu.

Jeneza likawa kigari kile kile kilichomleta. Nyuma ya kibanda palikuwa na ukanda wa ardhi ambao baba alikuwa na ndoto ya kupanda mchicha. Ardhi ilikuwa ngumu, sisi tulikuwa na koleo la makaa, kwa hiyo kaburi halikwenda chini. Tulimlaza, tukamfunika kwa kifusi na majani. Nilisoma Fatiha, sura pekee niliyokuwa naijua mpaka mwisho. Mwanaisha akaniambia nilie kidogo, nikalia kidogo. Kisha tukaingia ndani tukala wali.

Theluji ikaanguka ikayeyuka, ikaanguka tena. Jalidi ikaja na kuondoka. Mama hakuimba. Alitafuta foronya. Aliitafuta chini ya vitanda, ndani ya makabati, akamlaumu mwenye duka la kufulia nguo, akamwomba radhi, akamlaumu tena. Sisi tulikaa mezani tunakula kimya kuliko malaika. Foronya ile ilitutesa. Maiti haikututesa hata kidogo, maana tuliifanyia haki zake zote.

Harusi ya Khalati ikapangwa baada ya baridi. Yeye, kwa wema, alisema atatafuta kopo zuri, la matunda, lenye picha. Na Bi Time akapita kutusabahi.

"Chetezo kimefika wapi, Mama Mwanaisha? Nasikia unafinyanga."

"Hakikujaliwa."

"Usijali, bibi. Kopo la nyanya ninalo. N'takuazima, ila unirudishie."

Mama alimmiminia chai.

Siku moja ya jua jembamba baba alitoka uani na koleo lake, kuanza mchicha. Tulisikia koleo likichoma mara mbili tatu, halafu sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

"Mama Mwanaisha! Njoo. Watoto wasije."

Tulikwenda, bila shaka. Baba alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. Mbele yake, katika udongo mweusi, palikuwa na kitambaa cheupe kilichofunga kitu kwa umbo la mviringo. Alikuwa anasoma kalima. Baadaye alituambia kwamba lililompitia kichwani ni jela iliyo jirani yetu, na kwamba hiyo ni maiti ya mfungwa.

Mama alichuchumaa, akaona maua yaliyotariziwa. "Foronya ya Rukia," alisema. Akaifungua.

Wote wawili wakageuka, wakatutazama.

"Nani amefanya haya?"

"Tulimzika," Mwanaisha alisema.

"Mlimzika nani?"

"Udongo. Ulisema amekufa. Baba akamtia jaani."

"Na tulimsomea Fatiha," nikasema, ili ijulikane kwamba hatukubania.

Mama alianza kucheka kutoka tumboni. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope, mtandio ukaanguka, akashika mbavu, na baba, aliyekuwa bado hana rangi usoni, naye akaanza, akilalamika kwamba ameshtuliwa roho bure. Mama aliutia mkono ndani ya foronya ili ajinyanyue. Mkono huo ndio ulioacha kucheka kwanza. Niliuona ukisimama. Ukabana. Ukaachia. Ukabana tena.

"Njoo ushike, Baba Mwanaisha."

"Sishiki."

"Shika, nakwambia."

Akashika. Mimi pia nilishika. Ulikuwa laini kuliko kitu chochote nilichowahi kugusa, hauna punje, hauna donge, kama unga wa maandazi uliolala na hamira. Baridi iliuingia ikaufumua, ikatoka, ikarudi, ikaufumua tena, majira yote yale, na foronya ikauzuia usichanganyike na ardhi. Kazi ya miguu na mikono ya wanawake wengi ilifanyika pale chini bila ya mtu.

"Haujafa huu," mama alisema. "Umekandwa."

Tangu hapo mama hakuuacha udongo alale nje. Alifinyangia jikoni, karibu na hita ya mafuta ya taa, akikizunguka chombo kinyumenyume baina ya meza na jiko huku sisi tukipisha. Magunia ya maji aliyaacha. Alifunika kwa magazeti makavu na nguo za sufu. Udongo ulitosha chetezo kimoja kikubwa na vidogo vichache tu, na mwingine haukuwepo mji mzima, kwa kadiri tulivyojua. Baridi nayo ilikuwa na tabia ya kuaga kisha ikarudi kuchukua kitu ilichosahau. Asubuhi moja baba alirudi kutoka kiwandani, akafungua mlango wa chumba cha kulala, akasimama. Upande wake wa kitanda palikuwa na chetezo cha harusi kimevikwa koti lake, na chupa ya maji ya moto imewekwa mguuni pake, si karibu sana.

"Na mimi nilale wapi? Kibandani?"

"Kibandani kuna baridi," mama alisema. "Lakini wewe umeshachomwa, Baba Mwanaisha. Hupasuki."

Baba alilala kwenye kochi, na mchana ule hatukunong'ona. Mama alikuwa anaimba, na yeye, akiwa amejifunika gazeti, alikuwa anaitikia.

Tukachoma siku ya Jumapili, uani, chombo kikubwa katikati, vidogo kando, na juu yake maranda ya mbao, majani makavu na masanduku ya matunda kutoka sokoni. Makumbi ya nazi yangefaa zaidi, mama alisema, lakini aliyasema hayo kama mtu anayemkumbuka rafiki. Moto ulipopanda juu ya ukuta, jirani yetu Doreen, mjane wa Kiingereza mwenye mikono ya kubebea dunia, alitokea langoni na ndoo ya maji. Aliinyanyua. Mama aliruka na kusimama mbele ya moto, mikono amepanua, na Kiingereza chake chote kikamkimbia.

"Usimwage," Mwanaisha alipaza sauti. "Tunapika."

"Mnapika nini?"

Mwanaisha alitafuta neno. "Harusi," alisema.

Doreen alitazama moto, akamtazama mama, akaitua ndoo polepole. Akaenda kwake, nasi tukadhani amekwenda kuita watu. Alirudi na viti. Alikaa nasi mpaka moto ulipoanguka. Vidogo vilipopasuka, pa, ndani ya majivu, yeye na mama walishikana mikono, wanawake wawili wasioelewana neno. Mama alichokoa kwa fimbo. Kile kikubwa kilitoka chekundu, kimeungua weusi shavu moja, kizima. Alikigonga kwa ukucha kikalia, naye akalia pia, mara moja tu, kama kukijibu.

Harusi ilifanyika katika ukumbi wa kukodi wenye sakafu ya mbao na harufu ya viatu vya mazoezi. Khalati Rukia aliketi amefunikwa kanga, na mama akamzunguka na chetezo kama alivyokizunguka chenyewe, kinyumenyume. Moshi ulitoka kwenye matundu taratibu, ukaingia katika nywele, katika nguo, katika mikunjo ya kanga. Nilimvuta Mwanaisha mkono. "Anapumua," nilisema, na sikuwa natania.

Bi Time alikisogelea. Alikitazama ukingo uliosukwa, akakizungusha shingo, akatafuta kasoro, akalikuta lile shavu jeusi, akaona kwamba linakipendezesha.

"Hiki hakikufinyangwa hapa," alisema. "Umeagizia wapi, Mama Mwanaisha?"

Mama alitia udi kidogo juu ya makaa.

"Makaburini," alisema.

Bi Time aliuondoa mkono wake haraka. Baba, aliyekuwa mlangoni na wanaume, alicheka kikohozi kikampalia. Foronya haikutoka wekundu wake, na Khalati Rukia hakutaka nyingine. Aliilalia mpaka alipozeeka, akisema mito mingine haina habari.

Mama alipofariki nilikibomoa kibanda kile kwa mikono yangu, nikamwaga saruji juu ya ukanda wa mchicha ili niweke mashine ya kufulia. Sikufikiri. Nimefikiri tangu hapo. Kufinyanga sikujifunza, ingawa aliniuliza zaidi ya mara moja, na nilimjibu kwamba nina shughuli.

Zuwena alinisikiliza mpaka mwisho, amekaa juu ya ndoo iliyoelekeana na yangu, mfuko ulioganda baina yetu. Nilidhani ataniuliza kama ni kweli. Aliinuka, akachukua koleo lililokuwa nyuma ya tanuri, akaenda kufungua mlango. Baridi ikaingia.

"Babu," alisema, na alilisema kwa Kiswahili, polepole, kama anayekanyaga barafu, "nyumbani foronya ipo?"

Ipo. Nilikwenda nikaileta, nyeupe, ya mto wangu mwenyewe, na nyuma ya gereji nikamkuta ameshaanza kuchimba. Aliukaza mguu kwenye koleo, anataka kwenda chini.

"Usichimbe sana," nikamwambia. "Baridi nayo inataka kuingiza mkono."